Kijiti cha Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipika, wakifagia nyua zao na kugombania kuni kama sisi, palikuwa na bwawa katikati ya mbuga. Sogeeni karibu. Na wewe mwenye kikohozi njoo ukae huku kwangu, maana hadithi hii haina kelele nyingi.

Ukingoni mwa bwawa hilo palisimama kijiti. Babu yake Mzee Nyati ndiye aliyekichomeka, akakizungushia udongo na kuukanyaga kwa kwato zake mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Akaacha agizo moja: siku maji yatakapokiacha kijiti hiki, kila nyumba ibebe mafiga yake, wote wahamie mto mkubwa ng'ambo ya vilima. Siku hiyo hiyo, si kesho yake. Njiani kulikuwa na vidimbwi, na vidimbwi hivyo navyo hukauka bwawa likizidi kupungua. Bila pa kulowesha ngozi yake, Kiboko hawezi kuvuka nyika ile.

Kazi ya kutazama kijiti alipewa Nguchiro, kwa sababu alikuwa mwepesi na hakuvuruga tope. Kila alfajiri alipanda juu ya kichuguu chake akaita, "Maji yapo kijitini!" Nyumba zote zikaitikia, "Tumesikia!" Ndipo mioto ikawashwa. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa jirani yake, Bi Kiboko, mjane asiye na mtoto. Kila asubuhi alimwekea Nguchiro ukoko wa chungu chake, naye Nguchiro akautafuna kacha-kacha huku akisimulia umbea wa mbuga nzima.

Basi ukaja mwaka ambao mvua haikuonekana. Alfajiri moja Nguchiro alishuka bwawani, akakikuta kijiti kimesimama pakavu.

Aliwahi kufika kule mto mkubwa mara moja. Nguchiro wenzake walijaa kule, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama. Hapa bwawani, mpaka yeye aseme ndipo chai ichemke. Akajiambia mvua haiko mbali, kwa nini awasumbue wenzake bure? Akachimba, kuru-kuru-kuru, akaking'oa kijiti, akakichomeka pale maji yalipoishia. Kisha akapanda kichuguu akaita kama kawaida.

"Tumesikia!" wakaitikia wote.

Tangu hapo, kila maji yaliposogea, kijiti nacho kilisogea. Wakubwa walianza kuona mambo, lakini Nguchiro alikuwa na jibu la kila mmoja. Bi Kiboko alipolalamika kwamba maji hayamfuniki mgongo, aliambiwa, "Shangazi, umenenepa." Alifurahi yule mama! Akapita nyumba kwa nyumba akigeuka huku na huku ili wamwone. Mzee Nyati alipouliza mbona siku hizi anainama sana akitaka kunywa, aliambiwa kwamba shingo ya mzee mwenye heshima hufupika kwa uzito wa heshima yenyewe. Siku hiyo alitembea kichwa juu mpaka jioni.

Chekeni tu. Mimi nilicheka pia nilipoisikia mara ya kwanza, kwa sababu sikujua inakoelekea.

Asubuhi moja Mzee Nyati alishuka kunywa, pua yake ikakigusa kijiti. Kikaanguka, puu! Akasimama akikitazama. Kijiti cha babu yake hakikuwa cha kuangushwa kwa pua. Akageuka nyuma, na kwenye tope lililokauka akaona vishimo vidogo, kimoja baada ya kingine, kutoka ukingoni hadi miguuni pake.

Aliwaita wote, akauliza kwa upole nani amefanya kazi ile.

Nguchiro alikuwa tayari na uongo wake, kwamba vile vishimo ni vya kaa. Uongo wenyewe ulikuwa mzuri, na pengine wangeukubali. Lakini alimtazama Bi Kiboko, akauona mgongo wake umepasuka kama chungu kilichoungua, nzi wametua juu yake.

"Ni mimi," akasema. "Niliogopa kuhama."

Nyati akaparua ardhi kwa kwato. Angemkanyaga palepale, kama Bi Kiboko hangejikokota akasimama katikati yao.

"Mwache," akasema. "Nilijua. Mwili ni wangu, ningekosaje kujua kwamba nimekonda? Nilipenda kudanganywa."

Akawaeleza kwamba marehemu mumewe alizikwa nyuma ya ua wake, naye hakutaka kumwacha peke yake. Kila alfajiri aliitikia kwa sauti kubwa ili asizisikie fikra zake mwenyewe.

Nguchiro akakimbia mbio kwenda kuvitazama vidimbwi. Alirudi na vumbi tupu puani.

"Vimekauka vyote, shangazi," akasema, akaanza kulia. Akaomba abaki naye pale. Bi Kiboko akakataa, akamwambia kwamba anayeijua njia ni yeye Nguchiro, na wengine wana watoto wa kufikishwa mtoni.

"Ila kuna jambo umebakiza," akasema. "Panda kichuguu chako uite. Na safari hii uite yaliyopo."

Nguchiro akapanda. Akaita, "Maji yamekiacha kijiti."

Hakuna aliyeitikia. Nyati alitazama chini. Kisha kutoka kwenye tope ikasikika sauti moja.

"Nimesikia, mwanangu."

Wakabeba mafiga yao wakaondoka, Nguchiro mbele. Figa moja la Bi Kiboko alilisukuma kwa kifua chake njia nzima, vilima kwa mabonde, wala hakukubali kusaidiwa. Mvua ilikuja baadaye, ikakuta bwawani hakuna wa kuipokea.

Kule mtoni hakuna aliyempa kazi. Hata hivyo kila alfajiri alipanda juu ya figa lile akaita alichokiona: mto umeshuka, mto umepanda, upande ule pana mamba. Mwanzoni walimpuuza. Polepole nyumba zikaanza kuitikia tena. Nao wanasema kwamba, hata wote walipokwisha kuitikia, Nguchiro hakushuka upesi. Alibaki juu ya jiwe kidogo, masikio wima, akingoja sauti moja iliyopungua.

Haya, nendeni mkalale, na mlichukue hili: ukiona mambo yanageuka, sema mapema, hata kama unaogopa.