Shetui na Sauti ya Kuazima

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na msitu wa milimani usiokaukiwa mvua, na vyura wake wenye maneno mengi. Mkinyamaza nitawaambia.

Hapo zamani za kale, palikuwa na koo mbili za vyura wa mitini. Walikuwa ndugu wa damu. Ukiwatazama huwatofautishi: hawa kijani, na wale kijani, macho yamewatoka vilevile. Kilichowatenga ni sauti. Ukoo wa juu ya mti ulilia kwoo! Ukoo wa chini ulilia ti-ti-ti. Basi. Anayelia kama wewe ndiye mtu wako.

Katika ukoo wa chini alikuwamo Shetui. Huyu aliionea haya sauti yake. Ti-ti-ti, ndiyo nini? Akapanda juu kwa binamu yake, Kwembe.

"Kaka, nifundishe kulia kiume."

Kwembe akacheka mpaka nusura aanguke. "Haya, jaza pumzi tumboni. Sema kwoo!"

Siku ya kwanza Shetui akakohoa. Siku ya pili akapaliwa. Siku ya tatu, kwoo! Loo, akarudi nyumbani anatamba.

Mkewe, Mwashi, akamtazama. "Baba watoto, umeshikwa na mafua?"

"Mafua gani? Hii ndiyo sauti."

"Mimi nikiwa mbali sitajua kama ni wewe au ni shemeji Kwembe."

"Utazoea tu."

Wewe Mashaka, unacheka nini? Ulikaa mjini wiki mbili ukarudi unaongelea puani. Tuendelee.

Mwashi akataga mayai juu ya jani lililoinamia kijito. Yalikuwa mayai yao ya kwanza, na Shetui aliyapenda sana. Mchana mmoja Mwashi akasema, "Naenda kutafuta wadudu, sifiki mbali. Nyoka akija, tuite sote. Tutalirukia tawi, tulitikise, aangukie majini."

"Ondoa wasiwasi, mama watoto."

Mwashi hajapotea machoni sawasawa, nyoka huyo anapanda. Anakuja taratibu, hana haraka. Shetui akaingiwa na hofu. Akawaza, sauti kubwa ndiyo itakayofika.

"Kwoo!"

Kule juu Kwembe akainua kichwa. "Mh! Nani huyo? Hiyo kwoo si ya kwetu, imepinda." Akafumba macho yake.

Nyoka akafika kwenye tawi.

"Kwoo! Kwoo!"

Ndugu zake wa chini wakasikia. "Wale wa juu wana mambo yao leo," wakasema. Wakaendelea kula.

Nyoka akafika kwenye jani.

"Kwoo! Kwoo! Kwoo!"

Mwashi alikuwa mti wa pili tu. Akasikia vizuri kabisa. Akasema, "Maskini shemeji zangu, sijui wamepatwa na nini." Akameza mdudu wake.

Nyoka akayala mayai yote, akalamba na jani, akaenda zake.

Shetui akabaki peke yake na jani tupu. Akalia kwa uchungu. Na kilio kikatoka kama alivyozaliwa nacho: ti-ti-ti! Ti-ti-ti!

Papo hapo tawi likajaa. Ndugu zake wa chini wote wakaja wanahema, Mwashi mbele yao. Wakalitikisa tawi kwa nguvu zao zote. Hakuanguka mtu, hakukuwa na nyoka.

Mwashi akalitazama jani. "Baba watoto, mbona hukuniita?"

"Nilikuita, mke wangu. Nilikuita sana."

"Hapana," Mwashi akasema. "Wewe ndiyo kwanza nakusikia sasa hivi."



Basi sikilizeni. Ukitupa sauti yako ukaazima ya mwenzio, siku ya shida wako hawatakujua, na mwenye sauti hatakutambua. Utapiga kelele dunia nzima ikusikie, asije hata mmoja.

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka ajitwike, asiyeitaka anipishe, maharage yangu yanaungua.