Fuko Aliyemchimbia Kanga Njia

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yenu yako wapi?

Yako kwako, bibi, tupe!

Hapo zamani za kale, lakini si kabla ya kompyuta, msinicheke, wanyama walikuwa na chuo chao juu ya kilima. Humo alikuwamo Dokta Kanga, mtafiti wa magonjwa ya vifaranga.

Mwaka mmoja ugonjwa ukaingia. Kifaranga aliyeugua hakuvuka siku ya tano. Kanga naye alikuwa na kifaranga mmoja tu, tena hana jina, maana kwa akina kanga mtoto hapewi jina mpaka apekue ardhi mwenyewe. Huyo naye akaanza kusinzia.

Kanga akapiga picha za damu ya mwanawe, maelfu kwa maelfu. Wa kuzisoma alikuwa mmoja, Kifaru, mwenye kompyuta kubwa nyuma ya milima, safari ya siku kumi. Basi ikabidi zipite mtandaoni.

Siku ya kwanza akazituma. Mkongo mkubwa wa mtandao ulipita barabarani chini ya kilima, lakini kutoka huko hadi chuoni ulipanda waya mmoja mwembamba, na Kima wote walikuwa wakiutumia kutazama ngoma. Picha zikakwama.

Siku ya pili akawasihi, "Jamani, mwanangu!" Kima wakazima. Picha zikafika langoni kwa Kobe, mlinzi wa mtandao. Kobe akafungua ya kwanza, akaitazama juu, akaitazama chini.

"Sheria ni sheria, Dokta. Kila mzigo naukagua."

Jua likazama, Kobe yuko picha ya saba.

Siku ya tatu Kanga akalia. Fuko akatoa pua ardhini. Ndiye yule kipofu ambaye chuo kizima kilimnung'unikia kwa kuharibu bustani.

"Unalia nini, dada?"

Akamweleza.

"Mimi picha sizioni," Fuko akasema, "ila nimejigonga kwenye mkongo mnene uliolala stoo tangu masika. Umekosa mchimbaji tu."

Akachimba huku akiimba:

*Chimba, Fuko, chimba,*
*mtoto asinzia, chimba!*

Siku ya nne akatokea barabarani, mkongo mgongoni, akauunga na ule mkubwa.

"Na ukaguzi?" Kobe akauliza.

"Mzee wangu," Fuko akajibu, "mkague Dokta mwenyewe, mara moja. Ukishamjua, mizigo yake ipite."

Kobe akafikiri, kwa mwendo wake ule ule, akakubali.

Picha zikaenda pap! Jibu la Kifaru likarudi kabla chai haijapoa, na jina la dawa. Mtoto akanywa, akafumbua macho.

Siku ya sherehe Tembo akakata utepe, Simba akahutubia. Fuko hakutajwa. Asante ya punda ni mateke, lakini Kanga si punda. Akasimama katikati ya hotuba, akamtoa mwanawe chini ya bawa. Kifaranga akashuka, akapekua ardhi pale pale mkongo ulipofukiwa.

"Mwanangu anaitwa Fuko," Kanga akasema. "Kila nikimwita, kaka, nitakuwa nakushukuru."

Fuko akalia kwa macho yale yasiyoona. Tangu siku hiyo hakuna anayenung'unikia bustani.

Wanangu, mkipita njia nyoofu, mtajeni aliyeichimba.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye mbegu yake akapande.