Ngoma ya Sechelela na Tanuri la Mikate

Ngoma haiulizi moto ni wa nani. Mmelisikia neno hilo asubuhi hii, mlipotumwa kuazima kaa la moto kwa jirani aliyehamia juzi, mkasitasita mlangoni. Mkauliza, ngoma imeingiaje kwenye habari za jikoni? Imeingia, tena kwa mlango wa mbele. Kabla halijawa methali, lilikuwa jibu la mama mmoja aliyesimama kwenye mvua ya ugenini, ameikumbatia ngoma yake kama mtoto mwenye homa. Sikilizeni ilivyokuwa.

Huko Chinyika, kusini mwa Dodoma, kulikuwa na kikundi cha ngoma kilichojulikana Ugogo nzima. Wanaume walipiga zeze na marimba. Wanawake walipiga muheme, zile ngoma zinazobanwa kati ya mapaja na kupigwa kwa viganja. Kiongozi wao alikuwa Sechelela, mama wa makamo, mrefu, mwenye kicheko kilichomtangulia kisimani. Jina lake kwa Kigogo maana yake ni "furahi", na hakuwahi kulionea haya.

Ngoma yake aliirithi kwa bibi yake, na pamoja na ngoma akarithi sharti. Ngozi ya ngoma, kama mjuavyo, ikinywa unyevu hulegea, na dawa yake ni moto. Lakini bibi alikuwa akisema: ngoma yetu huota moto tuliouwasha sisi. Ikiota moto wa wengine, itasema maneno ya wengine. Sechelela alilishika sharti hilo tangu utotoni, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa kiongozi, wenzake nao walilishika.

Basi kikundi kikaalikwa Ulaya, kwenye nchi za milima mirefu yenye theluji. Aliyewaalika aliitwa Aloisi, mtu wa huko huko, ambaye ujana wake wote aliumalizia Ugogo akichimba visima, hata Kigogo chake kikawa kitamu kuliko cha vijana wetu wa mjini. Alikuja kuwapokea uwanja wa ndege amevaa shuka begani na kuwasalimu Kigogo kwa sauti kubwa, "Mbukwenyi!" Abiria wote wakageuka. Wachinyika wakaitikia kwa vigelegele, na safari ikaanza hivyo.

Watu husema habari za maonyesho, lakini muulizeni yeyote aliyekuwamo, atawaambia utamu wenyewe ulikuwa njiani. Aloisi aliwaendesha kwenye basi dogo la bluu, kutoka mji hadi mji, na wao hawakuwa abiria wa kusinzia. Waliposhuka kwenye ziwa, walivua viatu wakaingia na kanga zao, wakatoka mbio kwa baridi, kisha wakarudi tena. Walipandishwa mlimani ndani ya kijumba cha kioo kinachoning'inia kwenye waya. Mzee Chalula, mpiga zeze, ambaye alikuwa shemeji yake Sechelela na mtani wake wa kila siku, alifumba macho akaimba nyimbo za kanisani mpaka juu. Kuteremka alikataa.

"Nitaoa huku huku," alisema. "Nileteeni zeze langu."

Walimshusha kwa kumshika mikono, kila mtu akicheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Siku moja njiani walisikia kengele. Nyingi, zikigongana taratibu, na pembeni ya barabara wakaona kundi la ng'ombe wanene kwenye nyasi za kijani, kila mmoja amevalishwa kengele shingoni.

"Aloisi, simamisha!" Sechelela alipiga kelele. "Ng'ombe wamevaa njuga!"

Kabla gari halijatulia vizuri, Wagogo walikuwa wameshavuka uzio. Walizunguka katikati ya wale ng'ombe wakiwasifu kwa rangi zao na mapaja yao, kama wanavyosifiwa ng'ombe nyumbani. Jike mmoja wa kijivu alimlamba Sechelela mkono mzima mpaka kwapani. Mwenye mali akaja mbio na fimbo, akidhani ameingiliwa. Aloisi alipomweleza kwamba wageni hawa wamekuja kuwasalimia ng'ombe tu, yule bwana aliweka fimbo chini, akamshika Chalula mkono na kuanza kumwonyesha mmoja mmoja, huyu binti wa yule, yule mkorofi. Hawakuelewana lugha hata neno moja, wala hawakukosana katika lolote. Walinywa maziwa mpaka wakashindwa kuinuka.

Katika miji yote hiyo ya mwanzo jua lilikuwa kali, na kuzianika ngoma uani kwa muda mfupi kulitosha. Pale jua liliposhindwa, Aloisi aliwatafutia uwanja, wakawasha nyasi kavu wenyewe, sharti likatimia.

Shida iliwangoja mwisho wa safari, katika kijiji kimoja cha milimani. Huko kila mwaka ng'ombe hushushwa kutoka malisho ya juu kabla ya majira ya baridi, na watu wa vijiji jirani hukusanyika kuwapokea kwa maua na nyimbo. Wachinyika ndio waliokuwa wageni wa heshima. Sechelela aliingoja siku hiyo kuliko zote. Kuwapigia ngoma ng'ombe wanaorudi nyumbani, alisema, hiyo si kazi, hiyo ni ibada.

Lakini walifika na mvua, nayo haikukata. Ukungu ulishuka mpaka madirishani. Asubuhi ya sherehe Sechelela aliipiga ngoma yake, ikatoa sauti kama ya gunia la pumba. Akaipiga tena. Wenzake wakajaribu za kwao, zikawa zile zile.

Chalula alileta ile mashine ya kukaushia nywele iliyokuwa ukutani bafuni. "Shemeji, tujaribu hii."

"Ngoma ya bibi yangu haiendi saluni," Sechelela alimjibu.

Basi akafanya alilojua. Aliomba magazeti ya zamani, akayaweka kwenye beseni chumbani, akawasha kiberiti. Moto ukashika vizuri sana. Moshi nao ukapanda hadi darini, na nyumba nzima ya wageni ikapiga king'ora. Watu walimiminika nje kwenye mvua, wengine na mataulo, mmoja na mswaki mdomoni. Wachinyika nao wakatoka, kila mama amefunika ngoma yake kwa kanga. Hakikuungua kitu, na mwenye nyumba alipoona beseni alicheka kwa pumzi ya mtu aliyeponea chupuchupu. Ila alisema, kwa adabu, kwamba moto mwingine hapana.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la mikate. Mwenye duka, mama wa makamo aliyeitwa Rosina, mikono yake imejaa unga hadi kwenye viwiko, aliwaona watu wakitetemeka, akafungua milango yote miwili na kuwaita ndani. Joto likatoka mpaka barabarani, na harufu ya mkate ikalifuata. Kila mtu akaingia. Chalula aliingia mbele ya wote.

Ni Sechelela peke yake aliyebaki nje. Mama wenzake walisimama kizingitini, ngoma zao mikononi, macho yao kwake. Ndani kule waliona tanuri kubwa la matofali, mdomo wake mwekundu, na mbele yake nafasi pana na kavu. Hakuna aliyethubutu kuisogelea. Sechelela aliiona pia, na moyo wake ukamvuta huku na huku. Aliwaza watu waliotembea kwenye mvua ile kuja kuwasikiliza. Akamwaza na bibi yake, ile sauti nzito iliyokaa ndani ya ule mti na ile ngozi. Je, ikitoka na isirudi? Sauti ya ngoma hainunuliwi dukani.

Rosina akatoka mpaka kwenye ngazi. Akasema jambo kwa lugha yao, na Aloisi akatafsiri.

"Anauliza kwa nini unailowesha ngoma na tanuri liko hapa."

"Mshukuru sana," Sechelela alisema. "Mwambie ngoma hii haioti moto wa mtu mwingine. Ni mwiko."

Rosina alisikiliza, akakunja uso. Hakukasirika, ila alionekana kama mtu aliyeulizwa swali gumu na anataka kulijibu vizuri. Aligeuka akatazama tanuri lake.

"Anasema, moto wa mtu gani?" Aloisi akatafsiri.

"Si wake? Duka si lake?"

Mama yule akaanza kuhesabu kwa vidole vyake vyenye unga, na Aloisi akimfuata nyuma. "Anasema, kuni ni za jirani yake, huleta gogo na kuchukua mkate. Tanuri lilijengwa na fundi aliyetoka nchi nyingine, akaoa hapa hapa. Leo asubuhi kiberiti kililowa, akaenda kuomba kaa kwa padri. Na padri naye, anasema, hajui kuwasha moto, huwashiwa na mama mpishi." Rosina akanyanyua mabega. "Anasema kwa kweli hajui moto huu ni wa nani. Hajawahi kufikiri. Mkate haujamuuliza hata siku moja."

Mvua ikaendelea kunyesha juu ya kilemba cha Sechelela. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na wenzake wakadhani analia. Alikuwa anacheka. Kicheko kile cha Chinyika kilipanda, kikagonga ukuta wa kanisa, kikarudi.

"Jamani!" alisema, akijifuta macho. "Mkate hauulizi, na mimi nasimama kwenye mvua naulizia kwa niaba ya ngoma! Bibi, nisamehe. Nawe ngoma yako ulichongewa na Mrangi, si Mgogo, na ngozi ulipewa na mjomba." Akapanda ngazi. "Haya mama zangu, pisheni. Ngoma haiulizi moto ni wa nani!"

Walizipanga mbele ya tanuri, mdomo wa kila ngoma ukitazama ule wekundu, kama watoto wanaosubiri uji. Rosina akawapa mikate ya moto yenye siagi, na watu wa mataulo wakakaa juu ya magunia ya unga. Taratibu ngozi zikaanza kunyooka. Sechelela aliichukua ya kwake, akaibana kati ya mapaja, akakaa hivyo bila kupiga. Aliogopa, hilo alilisema mwenyewe baadaye. Kisha akaipiga kwa vidole tu.

Sauti ilikuwa ile ile. Ilikuwa nzito, ya chini, sauti ya bibi yake kabisa. Kama ilijifunza neno la wengine, basi lilikuwa neno jema, maana Rosina aliposikia alianza kutikisa kiuno bila kujijua.

Hapo hakuna aliyengoja sherehe. Mama wote wakaanza kupiga, Chalula akachomoa zeze lake, na unga ukapaa kutoka kwenye meza mpaka nyuso za watu weusi na weupe zikafanana. Yule bwana wa mswaki alicheza na mswaki wake.

Na ng'ombe? Walishuka mchana, katika mvua iliyokuwa imepungua na kuwa manyunyu, wamevikwa maua kwenye pembe, kengele zao zikilia. Kila ngoma zilipolegea, mama wawili watatu walikimbia tanurini na kurudi. Wachinyika walishika mwendo wa kengele zile, wakaufunga ndani ya muheme, na wachungaji wa milimani wakajikuta wanakanyaga hatua za Kigogo. Sechelela alipiga huku machozi yanamtoka, na safari hii alikuwa analia kweli, kwa furaha.

Lakini maneno hayajawa methali mpaka yatoke kwa aliyeyasema na kuingia kinywani mwa mwingine. Hilo lilitokea nyumbani.

Mwaka uliofuata, kwenye sikukuu ya mavuno, mvua isiyo ya majira iliwakuta uwanjani. Wachinyika walikuwa wamewahi kibanda na kuwasha moto. Kikundi cha Iyenge, kijiji jirani, kilichelewa, kikabaki pembeni na ngoma zilizolowa. Iyenge na Chinyika walikuwa hawapeani hata maji. Waligombania mwimbaji zamani, na mwimbaji mwenyewe alikwisha kuzeeka na kuacha kuimba, ila ugomvi ulibaki kijana.

Sechelela akamwita kiongozi wao. "Mama Ndahani! Leteni ngoma zenu hapa."

Mama Ndahani akatazama moto, akatazama wenzake.

"Moto huo ni wa Chinyika," alisema.

"Ngoma haiulizi moto ni wa nani, dada."

Mama Ndahani akacheka, akaja. Aliinamisha ngoma yake karibu na ile ya Sechelela, akachuchumaa, akanyoosha viganja vyake kwenye joto. Nyuma yake wanawake wa Iyenge walikuwa bado wamesimama kwenye mvua, hawajui kama inafaa au haifai. Akawageukia kwa sauti ya mtu aliyelijua neno hilo tangu kuzaliwa.

"Mnangoja nini ninyi? Njooni! Ngoma haiulizi moto ni wa nani."