Kamba za Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, mlioshiba na mnaongoja kushiba. Hadithi hii nilipewa na nyanya yangu, naye alipewa na mama yake, na kila aliyeipokea aliambiwa asiongeze neno. Nami nitaisimulia hivyo hivyo.

Hapo kale, siku ambazo mbegu ziliwekwa katika vibuyu, palikuwa na kijiji. Katika kijiji hicho hakuna aliyepanda mtama peke yake. Watu walingoja ngoma. Ngoma ikilia, wote walitoka siku moja, wakapanda siku moja, na mtama ukakomaa siku moja. Kwa nini? Kwa sababu ya ndege. Shamba lako likikomaa peke yake, ndege wote ni wako. Mashamba yakikomaa pamoja, kila mtu hufukuza ndege wake wachache, tena huku anaimba.

Mwenye ngoma alikuwa Bi Mize. Mwaka mpya ulipoanza, alichukua kamba mpya ya usumba wa nazi. Kila asubuhi alifunga fundo moja. Leo fundo. Kesho fundo. Keshokutwa fundo. Fundo la mia na kumi likifungwa, ngoma: ndu, ndu, ndu. Aliendelea kufunga mpaka mvua kubwa iliposhuka, na kwenye fundo la siku hiyo alitia kauri, kombe dogo la pwani, iwe alama. Ndivyo alivyofanya mama yake, na bibi yake kabla ya mama. Kamba zote zilikuwa kapuni, na kapu lilikuwa darini.

Mwaka mmoja walipanda kwa ngoma. Mvua ilichelewa, mbegu zikaungua. Mwaka wa pili walipanda kwa ngoma. Mvua ilichelewa, mbegu zikaungua. Mwaka wa tatu kila nyumba ilibaki na kibuyu kimoja cha mbegu. Kimoja tu. Kikiungua hicho, kijiji hakina cha kupanda tena, na watu watatawanyika kuomba kwa watu.

Wakaanza kumtafuta mkosaji. Wakamtaja mjane aliyeteka maji kabla ya alfajiri. Wakamtaja mhunzi aliyepiga mluzi shambani.

Bi Mize hakumtaja mtu. Alishusha kapu, akazitandaza kamba kwenye njia ya kisima, pale ambapo kila anayeteka maji lazima apite. Za bibi yake, za mama yake, za kwake, zote zikianzia mstari mmoja. Akakaa pembeni. Hakuita mkutano.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Kibwana, mtani wake, kipofu tangu ujana.

"Mtani wangu," alisema, "nilijua umezeeka. Sikujua umefikia kuanika kamba njiani uwaangushe vipofu."

"Chutama, mtani. Macho huna, vidole unavyo. Nitafutie kauri."

Kibwana akachutama. Akapapasa kamba za bibi: fundo, fundo, fundo, kauri. Akapapasa za mama: fundo, fundo, fundo, fundo, kauri. Imesogea kidogo. Akapapasa za Bi Mize mwenyewe: fundo, fundo, fundo, fundo, fundo, fundo. Kauri ikakawia. Alipoifikia ile ya mwaka uliopita akairudia tena toka mwanzo, fundo kwa fundo.

"Mize," alisema, bila Bi wala utani, "mvua imehama."

"Imehama. Ngoma yangu imebaki pale pale."

Tangu siku hiyo Kibwana alikaa kisimani. Kila aliyekuja kuteka alimshika mkono, akautia kwenye kamba. Aliyecheka alitaniwa mpaka akachutama. Kwa siku saba kijiji kikapapasa. Wakauliza ni nani aliyeisogeza mvua. Bi Mize akajibu kwamba yeye hamjui, na huenda mtu huyo hajawahi hata kufika hapa kwao. Ila kuhama imehama, na mbegu zinazoungua ni za kwao.

Jumbe, mkuu wa kijiji, hakuchutama. Alisema ngoma ni ya wazee waliotangulia, na haibadilishwi na mtandaza kamba.

Ikafika siku ya fundo la mia na kumi. Na asubuhi ile ile mvua ikanyesha: to, to, to. Watu wakatoka na vibuyu. Jumbe akaja akaagiza ngoma ipigwe.

Bi Mize akaiweka ngoma chini, akaikalia.

"Chimba, Jumbe. Tia mkono. Unyevu ukifika kiwiko, nitasimama."

Jumbe akachimba mbele ya watu. Vidole, unyevu. Kiganja, unyevu. Kifundo cha mkono, vumbi.

"Leo ni mia na kumi," alisema.

"Najua, nimefunga mwenyewe. Na miaka miwili hii aliyewaunguzia mbegu ni mimi na ngoma yangu. Si mjane, si mhunzi. Kibuyu cha mwisho sitawaunguzia."

Watu walikuwa hawajapata kumsikia mwenye ngoma akisema amekosa. Wakatazamana. Kisha mmoja mmoja wakarudi na vibuyu vyao. Jumbe akapanda peke yake.

Mtama wa Jumbe uliota siku ya tano. Siku ya tisa ukanyauka. Siku ya kumi na tatu ulikuwa wa kuwashia moto.

Kijiji kikangoja. Kila asubuhi walichimba, wakatia mikono. Vumbi. Uji ukawa mwepesi, na wapo walioanza kuvitazama vibuyu kwa njaa. Bi Mize alifunga fundo lake, akarudi kuikalia ngoma. Wengine husimulia kwamba walingoja siku thelathini. Si kweli. Zilikuwa ishirini na tatu.

Siku ya ishirini na tatu mvua ilishuka: shaaa, kutwa nzima. Kesho yake mikono ikazama mpaka kiwiko, ikatoka myeusi. Bi Mize akasimama. Ndu, ndu, ndu.

Jumbe alikaa mlangoni bila kibuyu. Kibwana akapita nyumba kwa nyumba akiomba konzi moja moja ya mbegu, akampelekea.

"Mbegu hizi hapa, Jumbe. Ukimaliza kupanda, uje uchutame."

Jumbe akapanda, akaja, akachutama. Akapapasa mpaka kamba ya mwisho. Mtama wa mwaka huo ulikomaa wote siku moja, na ndege wakagawanywa.

Baada ya mavuno Bi Mize hakulirudisha kapu darini. Alisema hesabu yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuiweka mahali ambapo hakuna aliyeiona. Akaipa kila nyumba kamba, ifunge mafundo yake mlangoni. Na wageni waliopita na kuuliza, walipewa nao wakaonyeshe kwao.

Basi shikeni hili. Mvua ikihama, msimtafute jirani wa kulaumu. Chimbeni, tieni mkono, kisha mshikeni na mwenzenu mkono mwutie hapo hapo. Bi Mize alikuwa na kamba zote darini, na mbegu ziliungua miaka miwili.

Hadithi yangu nimeifunga fundo hapa. Kamba niliyoachiwa iko mlangoni. Mkitoka, ipapaseni.