Mgeni Aliyekuja na Njaa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mmeisikia leo mchana shangazi yenu akiwapokea wageni wa Tumbatu, nanyi mkakonyezana, maana kwenu nyinyi kupona huko ni kuku aliyechinjwa. Siwalaumu. Nilipokuwa na umri wenu, mimi nami niliielewa kwa tumbo. Lakini mmeuliza ilikotoka, na muulizaji hanyimwi. Wengine wana masimulizi yao. Mimi nilivyosimuliwa, methali hii ilianzia kwa mtu mmoja mwenye njaa na mwingine asiyetaka kula.

Mwenye njaa aliitwa Faki Hamadi, mkulima wa mihogo kutoka Pemba, pande la mtu, ambaye mkewe alizoea kusema kwamba ni nafuu kulisha punda wawili. Mwaka huo alijaliwa kwenda hija, safari aliyokuwa akiiombea kwa miaka kumi na mmoja. Akapanda meli ya moshi Unguja, na tangu siku hiyo bahari ikamkataa. Wenzake wakila, yeye yuko ukingoni anatapika. Hakuna kitu kilichoingia tumboni mwake kikakaa.

Siku ya sita meli ikatia nanga mbele ya mji wa Barawa, huko Usomalini, ipakie maji na mbuzi. Serahangi, mkuu wa mabaharia, akawatangazia abiria: anayetaka kushuka kunyoosha miguu na ashuke, lakini honi ikilia mara ya tatu nanga inang'olewa, na hatangojwa mtu hata awe kadhi. Atakayeachwa ameachwa na hija yake, kwa sababu mwaka huo hapakuwa na meli nyingine ya mahujaji.

Faki akashuka kwa mashua pamoja na wenzake. Nyayo zake zilipogusa tu nchi kavu, lile tumbo lililokuwa limefunga mlango siku zote hizo likafungua mlango na madirisha. Njaa aliisikia mpaka kwenye magoti. Akapita kwenye vichochoro vya nyumba nyeupe za mawe, akishangaa kuwasikia watu wakisema lugha iliyokuwa kama ndugu ya lugha yake, ndugu waliozaliwa tumbo moja wakalelewa nyumba mbili. Kabla hajafika sokoni, ukanda wa kubadhi lake la kulia ukakatika. Akauliza fundi.

Mafundi wa makubadhi walikuwa tele Barawa, lakini watu wote walimwonyesha mlango mmoja. "Fundi hasa ni Mzee Nureni," walimwambia. "Ila hatujui kama atakushonea. Jaribu tu."

Mlango ulifunguliwa na binti wa mzee huyo, Safia. Hakumuuliza anataka nini. Alimtazama midomo ilivyokauka, akasema, "Karibu ndani, kaka. Chakula kiko tayari." Faki alitaka kukataa kidogo, kama adabu inavyotaka, lakini alisikia harufu ya mchuzi wa mbuzi na neno la kukataa likampotea.

Pale mlangoni Safia alimweleza kwa sauti ya chini. Mama yake alifariki mwezi uliopita. Mama na baba walikuwa wakila sinia moja kwa miaka thelathini na mitano, majirani wakiwacheka kwamba wameoana jana. Tangu maziko, mzee hagusi chakula. Ni kahawa, maji na vijiko viwili vya uji kwa kulazimishwa. Majirani huja kila siku na mabakuli yao, naye huwashukuru kisha hugeukia ukutani. Mganga ameshasema kwamba kwa hali hii mwezi mpya hataufikia.

"Mimi siwezi kukaa sinia moja na baba yangu, kwetu si desturi," Safia alisema. "Lakini napika. Nikiacha kupika nitakuwa nimemzika."

Ukumbini Mzee Nureni alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, amekonda, mikono yake ya ufundi imebaki mifupa. Visu vyake vya ngozi vilikuwa vimeshika vumbi. Safia akatandika mkeka, akaleta sinia la wali na mchuzi, na juu ya wali ndizi mbivu mbili ambazo hazijamenywa, kisha akarudi nyuma ya pazia. Faki akanawa. Akasema bismillahi, akapeleka mkono kwenye wali, na hapo akaona upande wa pili wa sinia hakuna mtu. Mkono ukakataa kwenda mbele.

"Mzee wangu, karibu tule."

"Kula, mwanangu. Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

Mzee akafumba macho.

"Kwetu Pemba," Faki alisema, "mgeni hali peke yake na mwenye nyumba yuko mbele yake. Wanaomwagiwa chakula wakaachwa ni kuku."

"Hata kwetu ndivyo. Lakini mimi ni mgonjwa, na mgonjwa husamehewa."

"Nimekusamehe, Mzee. Nitangoja mpaka upone."

Honi ya kwanza ikalia kutoka baharini. Faki akakunja mikono. Lakini tumbo lake halikujua adabu hizo, likanguruma kwa kirefu mpaka mzee akafumbua macho.

"Nini hicho?"

"Tumbo langu, Mzee. Liwie radhi. Halijala tangu Unguja."

"Siku ngapi?"

"Leo ya sita."

Mzee Nureni akamgeukia. Mwezi mzima watu walikuwa wakiingia nyumbani mwake wameshiba, wakimwekea bakuli na kusimama kumwangalia kama atameza. Walikuja kwa mapenzi, Mungu awalipe, lakini hakuna hata mmoja aliyekuja na njaa yake. Huyu alikuwa wa kwanza.

"Siku sita," mzee alisema. "Na uko nyumbani kwangu, sinia liko mbele yako, na huli?"

"Nakungoja wewe."

"Meli itakuacha, wewe mtu!"

"Najua."

Alisema kwa sauti ya mtu jasiri, ila jasiri hakuwa. Aliogopa kweli kweli. Aliiona hija yake ikiondoka, aliwaona watu wa kijijini kwake waliomsindikiza kwa dua, na alikuwa na njaa mpaka macho yanaona ukungu. Honi ya pili ikalia. Nyuma ya pazia Safia akajiziba mdomo kwa mkono.

Faki akachukua ndizi moja juu ya wali na kuiweka kando, kama tunavyofanya sisi, kwamba tunda ni baada ya chakula.

"Hiyo ndizi unaipeleka wapi?" mzee aliuliza.

"Si ya baadaye?"

"Ya baadaye!" Mzee Nureni akajiinua kwa kiwiko. "Safia! Hebu tazama hawa watu wa kusini. Ndizi inaliwa na wali, bwana, pamoja. Itakuwaje ya baadaye?"

"Sijui, Mzee. Nifundishe."

Mzee akashusha miguu chini. Ilimchukua muda. Faki akamshika mkono mpaka mkekani, akammiminia maji. Mzee akamenya ndizi, akavunja kipande, akakiponda pamoja na wali na mchuzi, akafinyanga tonge taratibu. Lilipofika karibu na mdomo, mkono ukasimama. Faki hakumwambia kula. Alifinyanga tonge lake vivyo hivyo, akalishika hewani, akangoja.

Mzee akalitia kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu huku machozi yakiteremka ndevuni, akameza. Ndipo Faki naye akala. Wakaenda hivyo, tonge kwa tonge. Mara mzee akainua uso kuelekea pazia.

"Safia! Chumvi haikukolea."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima kulalamikia chakula. Safia alilia kwa furaha hata kikopo cha chumvi kikamshinda kukiona, nacho kilikuwa mkononi mwake.

Mzee ndiye aliyemfukuza mgeni wake. "Nenda, mwanangu, umeshakula. Nenda!" Faki akakimbia na kubadhi moja mguuni. Honi ya tatu ilimkuta ndani ya mashua ya mwisho, na mabaharia wakamvuta juu kwa kamba wakimtukana.

Alihiji salama. Lakini huko kote, kila alipoomba, alimwombea na yule mzee, maana wazo moja lilimkera: nimekula naye mara moja, na kesho yake alikula na nani?

Miezi minne baadaye meli ilimrudisha, ikasimama tena Barawa nusu siku. Safari hii bahari ilikuwa imemzoea, na asubuhi alikuwa amekula melini mpaka akafungua mshipi. Akashuka, miguu mizito. Hakutaka kumuuliza mtu habari za Mzee Nureni, akiogopa jibu. Alipokata kona, alimwona Safia amesimama mlangoni, anawaita watu wawili wenye ngamia waliotoka bara na mizigo ya ngozi, na kutoka ndani akasikia sauti ya mzee ikimkaripia mtu kuhusu ndizi.

Kwani safari ile ya kwanza, kesho yake baada ya meli kuondoka, mzee alikuwa amegeukia ukutani tena. Safia hakumbembeleza. Alitoka nje akamtafuta mpita njia mwenye njaa. Siku ya pili akatoka tena, na ya tatu, mpaka mji mzima ukaujua wito wake.

Hakumtambua Faki, alivyokuwa amenyolewa na kuchomwa na jua. Aliona mgeni tu.

"Na wewe, kaka, umekula?"

Faki Hamadi, haji mpya, akasema uongo wake wa kwanza.

"Bado, dada."

"Basi usisimame juani," Safia akasema, akiufungua mlango wote. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."