Kijembe, Jamvi na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ya lini, maana wamo humu ndani waliokuwepo na bado wananuniana, palikuwa na kijiji kikiitwa Kivumoni, upande ule wa kisiwa ambako bahari inapiga mwamba kutwa kucha. Kivumoni walikuwepo mashoga wawili. Mmoja Kazija, mwembamba, mwepesi, hatulii hata akilala. Wa pili Mashavu, mzito wa mwili na mzito wa maneno, lakini akikwambia nakuja, ujue yuko njiani.

Mashoga hawa walikuwa na ubao wa kupandia mawimbi. Mtalii mmoja aliuacha, akaondoka zake. Ubao mrefu huo, mpana, mnene, wanakaa watu wawili na nafasi inabaki. Wakauita Jamvi. Na Jamvi halikuwa na makuu. Ulipigie mikono kidogo, linakwenda. Wimbi hata halijavunjika, Jamvi limeshalinusa, linakuchukua taratibu, unajiinua kwa goti, unasimama kwa raha zako. Mashavu nilimwona kwa macho yangu akijifunga mtandio upya huku anakuja na wimbi!

Kazija alijifunzia kwenye Jamvi. Mashavu alijifunzia kwenye Jamvi. Huyu akipanda, yule anangoja. Yule akipanda, huyu anangoja. Wakichoka kungojana wanapanda wote.

Lakini moyo wa Kazija! Alitaka kulikata wimbi, apande juu yake, ashuke, ageuke. Jamvi haligeuki, linajua mbele tu. Tena alitaka yale makubwa ya nje, kule mwambani, na Jamvi huko halifiki, maana haliwezi kuzama chini ya wimbi likapita. Likikutana na kubwa linarudishwa ufukweni, na wewe juu yake.

Basi Kazija akaenda kwa Bi Nunuu. Bi Nunuu alikuwa mjane wa fundi wa mitumbwi. Mumewe alimwachia tezo, randa na msumeno, mtoto hakumwachia. Mama wa watu akawa anachonga mbuzi za kukunia nazi. Na ndani mwake mlikuwa na gogo la msufi, kavu, jepesi, la marehemu, ambalo hakuwahi kuligusa ila kulipangusa vumbi.

"Shikamoo, Bi Nunuu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa upande, una nini?"

"Nataka unichongee ubao mfupi."

"Ule mrefu umeliwa na mchwa?"

"Haujaliwa. Nishaumaliza."

"Ubao haumalizwi, mwanangu. Kinachomalizwa ni wali."

Alisema hivyo, lakini alilitazama gogo la marehemu, akalitazama tena, akaenda kuchukua tezo. Akachonga. Akapiga randa. Kazija anamwambia punguza hapa, Bi Nunuu anapunguza. Kazija anamwambia bado mnene, Bi Nunuu anapunguza tena. Ulipokwisha haukufika hata utosini kwa Kazija, umechongoka mbele, mwembamba pembeni. Akaupaka sifa, yale mafuta ya papa, mtaa mzima ukanuka.

"Huu ni wa mtu mmoja," Bi Nunuu akamwambia. "Usije ukasema sikukwambia."

Kazija kwa furaha akatafuta rangi nyekundu, na kwa kuwa ubao umechongoka kama jembe lililolika, akauandika jina: KIJEMBE.

Eh, jamani! Maneno yote ya Kiswahili, akaliona hilo.

Kivumoni kwetu wanawake hawatukanani. Mtu anavaa kanga, akapita nayo mlangoni kwako. Mtu anatwanga kinuni huku anaimba, na wewe ndani unajua unaimbwa wewe. Neno likiandikwa mahali, watu hawaulizi lina maana gani, wanauliza limekusudiwa nani. Mashavu akaja ufukweni, akalisoma. Kijembe? Cha nani? Akajiuliza, akajijibu. "Changu. Mimi ndiye ninayebaki na Jamvi. Mimi ndiye mzito." Akalibeba Jamvi kichwani, akaondoka, hakuuliza. Kazija akaona shoga yake kanuna, akasema moyoni, huyu ana wivu na ubao wangu. Naye hakuuliza.

Mnacheka. Haya, chekeni. Wewe unayecheka zaidi, jirani yako hujasema naye tangu mfungo uliopita.

Sasa Kazija na Kijembe chake. Loo! Kijembe hakina huruma. Anakilalia, kinazama naye mpaka kidevuni. Anapiga mikono mpaka mabega yanawaka, hakiendi. Wimbi linapita chini yake linakwenda zake, hata salamu halimpi. Akilidaka, analidaka limeshasimama wima, na hapo hakuna cha kujiinua kwa goti. Ni kuruka mara moja au kumezwa. Akiruka, anakanyaga katikati kama alivyozoea kwenye Jamvi, pua inazama, Kazija huyo, miguu juu. Alikunywa maji ya chumvi, akachubuka mbavu. Vijana wakawa wanampigia kelele kutoka mchangani, "Kazija! Rudi jamvini!"

Akaja kwa Bi Nunuu analia. "Kinanikataa."

"Hakikukatai," Bi Nunuu akasema. "Umeolewa huku, umelala kwa mume wa zamani. Unakipanda Kijembe kwa mwili wa Jamvi. Sahau ulichojua, ujue kingine."

Kazija akarudi. Akaanguka. Akarudi. Akaanguka. Mpaka siku moja mguu wa nyuma ukaenda wenyewe mkiani kabisa, Kijembe kikainua pua, kikakata wimbi upande, kikapanda, kikashuka. Kazija alipiga ukelele uliosikika msikitini! Akageuka ufukweni kutafuta wa kumwonyesha. Mashavu alikuwepo, amekaa juu ya Jamvi. Akageuza uso. Kazija akarudi nyumbani amefanikiwa na anaumwa moyo. Ningekuwa mama yake ningewafungia wote wawili chumba kimoja mpaka waseme.

Kutoka hapo Kazija hakushikika. Akajua kuikandamiza pua ya Kijembe, akazama nacho chini ya wimbi, akatokea upande wa pili mkavu wa moyo. Akafika kule nje alikokuwa akikutamani.

Basi, ikaja bamvua. Mnajua bamvua, maji yakitoka yanatoka hasa, na yakirudi hayabishi hodi. Kijijini palikuwa na mwanamke kijana akiitwa Zawena, mjamzito, tumbo limeshamtangulia, mumewe yuko mjini kazini. Zawena akachukua mkuki wake na dumu tupu, akaenda mwambani kutafuta pweza. Watu wakamwambia, "Zawena, na hali hiyo?" Akasema, "Anayetaka pweza si mimi, ni huyu wa ndani." Akaenda. Alipoinua kichwa, maji yameshamzunguka kwa nyuma. Likaja wimbi moja likamzoa, na kwa kurudi likamvuta upande wa nje, kwenye kina. Akalikumbatia dumu lake, akaanza kupiga kelele.

Wanaume walikuwa mazikoni kijiji cha pili. Ufukweni palikuwa na wanawake, Kazija na Kijembe, na Mashavu na Jamvi.

Kazija hakungoja. Alikimbia akajitupa moja kwa moja kwenye mawimbi, palipo karibu. Wimbi likaja, akazama chini yake. Likaja jingine, akazama. Kila likishuka, watu wanasema amekwenda, wanamwona huyo anatokea mbele.

Na Mashavu? Mashavu alisimama. Nitasema kweli, kwa sababu mwenyewe hakuificha. Alisimama na Jamvi ubavuni akasema moyoni, mwache aende na kijembe chake.

Kazija alimfikia Zawena dumu limeshamtoka mikononi. Akamshika, akampandisha juu ya Kijembe, akapanda na yeye. Kijembe kikazama. Akajaribu tena, kikazama tena. Basi akashuka. Akamlaza Zawena peke yake juu ya ubao, yeye akabaki majini, ameng'ang'ania mkia, anapiga miguu, anakunywa maji. Mbele yao mwamba, na mawimbi yanaangukia pale pale. Kurudi hapo ni kuchanwachanwa.

"Mshike mwanangu!" Zawena analia. "Kazija, mshike mwanangu!"

"Yumo ndani yako, da Zawena! Nikikushika wewe nimemshika yeye!"

Mashavu, kule mchangani, alikiona Kijembe kikienda chini na watu wawili. Hapo nuno likamtoka. Akalivuta Jamvi mbio, lakini hakulipeleka kwenye mawimbi, alijua yatamrudisha. Akazunguka mbali, mpaka mlangoni, pale mwamba ulipokatika na maji yakapita bila kuvunjika. Njia ndefu, na mkondo unaingia kwa nguvu, yeye anatoka. Alipiga mikono mpaka akatapika. Alipofika, miguu ya Kazija ilikuwa haina nguvu tena. Mashavu akasema neno lake la kwanza kwa shoga yake tangu siku ya rangi nyekundu.

"Mpandishe."

Wakampandisha. Jamvi likawachukua Zawena na tumbo lake, na Mashavu nyuma, wala halikutikisika. Kazija akafuata na Kijembe. Wakaingia na mlango, wakafika mchangani, wanawake wakawafunika kanga. Siku ile ile Zawena akajifungua mtoto wa kike, mzima, anapiga kelele kama mamake.

Zawena, kabla hata hajanywa uji, akasema mbele ya watu, "Mwanangu atachukua jina la aliyeniokoa."

Alisema kwa shukurani, masikini, hakujua analofunga. Maana Kivumoni jina si la kuitia tu. Mtoto akichukua jina lako, wewe ni somo yake. Wewe unamfunga kanga ya kwanza, wewe unamfunda akivunja ungo, wewe unamtoa siku ya harusi yake. Ukifa, watu bado wanaliita jina lako uani, na mtu anaitika.

Siku ya saba watu wakakusanyika kwa akika. Babu wa mtoto amempakata, anangoja kumnong'oneza jina sikioni.

Kazija akasema, "Jina ni langu. Mimi ndiye niliyefika. Tungengoja Jamvi lizunguke, leo mngekuwa mnasoma hitima. Ubao wangu nilimpa, nikabaki majini. Nilijua nakufa, na mkono sikuuachia."

Mashavu akasema, "Ulifika, kweli. Ulifika na ubao wa mtu mmoja, ukafika kuzama naye. Aliyemleta nchi kavu ni mimi, na Jamvi ulilosema umelimaliza. Jina ni langu."

"Ulisimama, Mashavu! Niligeuka nikakuona umesimama!"

Watu wote wakamgeukia Mashavu.

"Nilisimama," Mashavu akasema, machozi yanamtoka. "Ulinipiga kijembe, ukakiandika na rangi, kijiji kizima kisome."

"Ni jembe! Wallahi ni jembe dogo tu!"

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Bi Nunuu akapiga kofi mkekani. "Nyamazeni, kuna mtoto. Mimi kuogelea sijui, na majini sikutia hata kidole. Lakini Kazija angefika na nini? Kwa Jamvi angerudishwa mchangani. Lile gogo la msufi ndilo lililokuwa limebaki la mume wangu. Nimelichonga nikiona namzika mara ya pili."

Mtu mmoja, hakosekani mtu mmoja, akasema, "Lakini Bi Nunuu, ungeupunguza kidogo tu, ungebeba wawili."

"Nilipunguza nilivyoombwa, na nilionya," Bi Nunuu akasema. Akawageukia wale wasichana. "Nyinyi mtazaa. Majina yenu yatachukuliwa na wajukuu, mtake msitake. Mimi sikuzaa. Siku nikifa hapatakuwa na Nunuu mwingine wa kuitwa."

Kazija akainamisha kichwa. Mashavu naye. Lakini hakuna aliyesema mpe yeye, na mimi siwalaumu.

Zawena aliwatazama wote watatu, akalia. Bila huyu asingefikiwa. Bila yule asingerudi. Bila mama huyu, huyu wa kwanza asingekwenda. Na atakayemtaja, wawili watatoka mlangoni na moyo uliovunjika.

Babu akainamia sikio la mtoto, akasema, "Haya, mwanangu. Jina?"

Msinijibu kwa ujanja, mkasema apewe majina matatu; sikio ni moja na jina ni moja. Msinijibu kwa udugu, mkamtaja wa mtaani kwenu. Kazija aliyekwenda, Mashavu aliyerudisha, au Nunuu aliyechonga: katika hao, Zawena amtaje nani?