Zuena na Zimwi Lisilo na Macho

Paukwa!

Pakawa!

Nije nisije?

Njoo!

Na nikija na zimwi?

Njoo nalo, tumekaa wengi!

Haya basi, sogeeni. Wewe Chande, mwachie mwenzio nafasi kwenye mkeka.

Hapo kale, katika mji mdogo wa Kitopeni, walikuwako wanawake watatu, mashoga wa tangu utotoni. Wa kwanza Mishi, mtu wa kucheka. Akicheka Mishi, mtaa wa pili wanajua. Wa pili Tausi, machozi yake yako karibu. Akiona kuku amevunjika mguu, Tausi analia. Wa tatu Zuena, msusi wa mikeka.

Zuena alikuwa na mtoto mmoja, Riziki, wa miaka minne. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi wakamzika.

Zuena hakulia. Watu wakasema, atalia kesho. Kesho hakulia. Ikapita arobaini, hakulia. Akipewa chakula, anakula. Akiambiwa alale, analala. Ukimuuliza, "Umeamkaje?" anajibu, "Nimeamka." Moyo wake kimya.

Siku moja Mishi akamwambia Tausi, "Shoga, mwenzetu anatupotea huku tunamwona. Tumpeleke ule mji wa ng'ambo ya bonde, nchi ya watu, akaone mambo mageni."

"Kwa siku ngapi?"

"Mbili tu. Ijumaa tukishasali tunaondoka, Jumapili tunarudi. Tutamchekesha mpaka asahau."

Wakamwendea Zuena, wakamwambia. Zuena akasema, "Haya."

"Umefurahi?"

"Haya," akasema tena, akaenda kutafuta viatu.

Basi, Ijumaa wakaondoka. Wakapita mashamba ya mihogo, wakapita msitu, wakafika kwenye bonde refu, chini yake mto unanguruma kwenye mawe. Juu ya bonde palikuwa na daraja la kamba tatu: moja ya kukanyaga, mbili za kushika. Mishi alivuka akipiga kelele na kucheka. Tausi alivuka akilia. Zuena alivuka kama anavuka kizingiti cha nyumba yake.

Wakauona mji. Lo, mji! Nyumba za mawe zimepakwa rangi ya buluu, ghorofa juu ya ghorofa. Mikate mikubwa kama magurudumu ya mkokoteni. Wanaume wamevaa kofia zenye manyoya ya ndege. Lugha yao, hata neno moja hawalijui.

Lakini kulikuwa na jambo. Soko limejaa watu mia na mia, na sauti unayoisikia ni ya miguu tu. Hakuna anayecheka. Hakuna mtoto anayelia.

Wakapata pa kulala kwa bibi mmoja jina lake Nunu. Ujanani aliwahi kuolewa Kitopeni, kwa hiyo lugha yao aliijua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Kaeni, nisikilizeni kabla hamjala. Katika mji huu hatucheki, wala hatulii. Kule kilimani kuna zimwi. Halina macho. Lina pua pana kama ungo, na halinusi mwili, linanusa moyo. Moyo ukifurahi, linaupata. Moyo ukiogopa, linaupata. Na lina ulimi wa uchawi: likikuita, linakuita kwa sauti ya yule unayemtaka kuliko wote. Kaeni siku zenu mbili kimya, mrudi kwenu."

Mishi akasema, "Bibi, tutaweza."

Jumamosi asubuhi wakatoka kutembea. Wakamwona mbuzi anakula kofia ya mtu, na mtu mwenyewe kaivaa. Mishi akacheka kidogo, ndani ya kanga. Watu wakafunga madirisha.

Wakaenda mbele. Mbuzi kawafuata, anatafuna unyoya. Mishi akacheka kidogo tena, machozi yakamtoka. Watu wakafunga milango.

Wakaenda mbele. Mbuzi akalia meee, unyoya ukamtoka puani. Mishi akashindwa. Akacheka kile kicheko chake chote, kicheko cha mtaa wa pili. Njia nzima ikabaki tupu.

Zimwi likaja. Lilishuka kilimani kwa hatua tatu, tenga mgongoni, pua mbele. Likamnyanyua Mishi kama unavyonyanyua kikapu, likamtia kwenye tenga. Tausi akapiga ukelele na kulia. Likageuza pua, likamtia naye kwenye tenga.

Kisha likamwinamia Zuena. Likamnusa kichwani. Likamnusa kifuani. Likamnusa miguuni. Pumzi yake ilikuwa ya moto, nguo ya Zuena ikapepea.

"Hapa pana nini?" likasema. "Kisiki?"

Zuena akalitazama. Moyo wake kimya. Zimwi likampita kama linapita gogo, likarudi kilimani.

Zuena akarudi kwa bibi Nunu, akamweleza. Bibi Nunu hakulia, maana ndivyo walivyozoea; akamsogezea viatu vyake.

"Mwanangu, nenda kwenu. Zimwi hilo hula Jumapili, jua likifika utosini. Hakuna aliyewahi kurudi."

"Nitakwenda kuwachukua," akasema Zuena.

"Huogopi?"

Zuena akafikiri. "Sijui, bibi. Ila nikirudi bila wao, mama zao wataniuliza."

Ndivyo alivyosema. Msije mkadhani alikwenda kwa ushujaa.

Basi Jumapili asubuhi Zuena akatoa mkobani kisu chake cha kuchania ukindu, akapanda kilima. Nyumba ya zimwi haikuwa na kufuli. Nani angeingia?

Akaingia chumba cha kwanza. Mifupa, sakafu hadi dari. Akapita. Moyo wake kimya.

Akaingia chumba cha pili. Nguo za walioliwa zimetundikwa, na chini yake viatu vimepangwa, vikubwa na vidogo. Palikuwa na makubadhi ya mtoto wa miaka minne, mitano hivi. Akayaruka, asiyakanyage. Moyo wake kimya.

Akaingia chumba cha tatu. Zimwi limelala chali, mguu umeziba mlango. Akauruka mguu. Nyuma ya zimwi lipo tenga, na ndani ya tenga Mishi na Tausi wameshikana.

"Zuena!" Tausi akanong'ona. "Umetufuata?"

"Nyamazeni. Shukeni. Tembeeni."

Akakata kamba ya tenga, wakashuka. Harufu ya hofu yao ilikuwa imejaa nyumba nzima tangu jana, kwa hiyo zimwi usingizini halikuona tofauti. Wakauruka mguu. Wakapita viatu, wakapita mifupa, wakatoka nje.

Jua likawapiga usoni. Na Mishi, masikini, aliyekuwa ameshajihesabu maiti, akaliona lile jua na kicheko kikamtoka. Hakukitaka. Kilimtoka tu.

Kule ndani zimwi likaamka. "Nyama yangu iko nje!"

"Kimbieni," akasema Zuena.

Wakakimbia. Wakateremka kilima, wakaukata mji katikati, watu wanachungulia kwenye nyufa za milango. Zimwi nyuma yao, pua mbele, linajigonga kwenye kuta, linafuata moyo wa Mishi na moyo wa Tausi. Wakafika darajani.

Mishi akavuka. Tausi akavuka. Zuena akavuka wa mwisho.

"Nyinyi endeleeni kukimbia," akawaambia. "Linawanusa nyinyi, litavuka tu. Mimi nabaki."

"Zuena, twende wote!"

"Nimesema endeleeni."

Wakakimbia. Zuena akapiga magoti penye mti uliofungiwa kamba, akatoa kisu. Zimwi likakanyaga daraja. Lilipofika katikati, Zuena akaligeuzia mgongo, akaanza kukata.

Kamba ya kwanza ikakatika. Daraja likayumba. Zimwi likasimama, likanusa penye kamba, halikupata mtu hapo. Likajua yupo mtu. Likatoa ulimi.

"Mama," likaita. "Mama, ni mimi, Riziki."

Ilikuwa sauti yake hasa. Hata ile herufi aliyokuwa hawezi kuitamka vizuri, haikutamkwa vizuri.

Mkono wa Zuena ukasimama. Kisha akakata kamba ya pili. Zimwi likaning'inia, linashikilia ile iliyobaki.

"Mama, huku kuna baridi. Nishike mkono."

Zuena akaweka kisu kwenye kamba ya tatu.

"Mama, mbona hugeuki?"

Akakata. Alikata polepole, kama mtu anayechana ukindu, uzi baada ya uzi, mpaka kamba ikaachia. Zimwi likaanguka, na likianguka liliita kwa sauti ile ile, mpaka mawe yakalinyamazisha.

Zuena akafuta kisu kwenye majani, akakirudisha kwenye mkoba.

Ng'ambo ya pili, kule mjini, watu walisikia kishindo cha kuanguka kwake. Halafu sauti moja ikatoka. Mtu analia. Ikatoka ya pili, mtu anacheka. Halafu mji mzima ukalipuka, vilio na vicheko pamoja, vya baba na vya babu zao vilivyokuwa vimefungiwa ndani. Zuena aliwasikia vizuri sana. Akasimama akawasikiliza, kama unavyosikiliza mvua inayonyesha mtaa mwingine.

Akawafuata wenzake, akawakuta wamekaa njiani chini ya mti.

"Limekufa?" Mishi akauliza.

"Limekufa."

"Umelifanyaje?"

"Nimekata kamba."

Wakaondoka. Wakatembea wote watatu, mguu kwa mguu, mpaka jua likaanza kulala. Mishi alikuwa na mengi ya kusema, akayasema. Tausi akalia kidogo, akamaliza. Zuena alikuwa anatembea mbele.

Kitopeni ilipoanza kuonekana, moshi wa majiko unapanda, Zuena akasimama. Akakaa chini, pale pale njiani, kwenye vumbi.

"Umechoka?" Tausi akauliza.

"Liliniita kwa sauti ya Riziki," akasema Zuena. "Mara tatu. Likasema kuna baridi. Likaniuliza mbona sigeuki."

Mishi akafungua kinywa. Lilikuwapo neno pale, neno la kumtuliza, pengine hata la kumchekesha, maana Mishi hakosi. Akakifunga kinywa. Akakaa kwenye vumbi, kushoto kwake. Tausi akakaa kulia kwake.

"Nilimkata mwanangu sauti," akasema Zuena. "Sikugeuka."

Hakuna aliyesema "usilie," maana alikuwa halii. Hakuna aliyesema "lilikuwa zimwi tu," maana alijua. Walikaa. Watu waliotoka mashambani walipita, wakawasalimu, wakawaacha. Zuena aliweka kichwa begani kwa Tausi, taratibu, kama mtu anayetua mzigo asioamini kwamba unatulika. Bega la Tausi likaanza kulowa, kidogo sana, tone moja, na baada ya muda mrefu, tone jingine.

Hawakumhimiza.

Basi, wanangu, funzo lake ni hili: mwenye msiba msimwache peke yake, wala msimharakishe kucheka. Kaeni naye tu.

Hadithi yangu imeishia hapo njiani, nami nimeiacha ikae. Atakayeipita na aisalimu.